Dobi Yuko Njiani

Kama kuna neno lililomchosha Mwalimu Jovitha, ni hilo la "njiani." Wiki nzima fundi wa kiyoyozi alikuwa njiani. Asubuhi njiani, mchana njiani, jioni simu haipatikani, na kesho yake njiani tena. Ukimsikiliza ungedhani mtu huyo anatoka Kongo kwa miguu, kumbe ni Mihayo tu, mwenye kibanda chake pale Mabatini, na kutoka Mabatini hadi Bwiru bodaboda inakufikisha chai ikiwa bado ya moto.

"Fundi, uko wapi?"

"Niko njiani, mayu," alijibu kwa Kisukuma chake cha kumwita kila mwanamke mama. "Nimeshaingia Kisesa."

"Jana ulikuwa Kisesa!"

"Jana nilikuwa naenda Magu, mayu. Leo natoka Magu. Ni Kisesa ileile, ila leo naiona kwa upande wa pili."

"Wewe fundi, usinifanye mtoto mdogo. Maji yanamwagika chumbani kwa mgonjwa!"

"Pole sana, mayu. Weka beseni. Ila hicho kiyoyozi usikifungue wala usikiguse, utaharibu. Nakuja."

Akakata. Jovitha akabaki ameikaba simu kana kwamba ndiyo shingo ya Mihayo mwenyewe. Eti weka beseni! Kama vile mtu mzima asingefikiria beseni. Beseni lilikuwa pale tangu Jumapili, chini ya kiyoyozi, na tone lilikuwa likidondoka, kisha linanyamaza, na ukishajisemea afadhali limekoma, hilo linadondoka tena. Lilikuwa linamwingia mpaka kwenye fizi.

Chumba chenyewe ni cha wageni, na mgeni mwenyewe alikuwa baba yake mzazi, Ta Kashaija, aliyevuka ziwa kutoka kwake Kagera kuja kutibiwa saratani ya tezi dume. Kila siku ya kazi alipelekwa hospitali kupigwa mionzi. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi, bila kupaka mafuta: mzee akimaliza dozi yote ana miaka mizuri mbele yake, lakini akiikatiza katikati ugonjwa utarudi, na ukirudi yeye daktari hatakuwa na la kumfanyia. Dozi ilikuwa imefika nusu. Na jana usiku mzee alikuwa ametangaza mezani, kijiko mkononi, kwamba Alhamisi anapanda meli ya Bukoba.

"Kwa nini, Tata?" Jovitha aliuliza. Alimwita Tata tangu utotoni, kama watoto wa Kihaya wanavyowaita baba zao.

"Nyumba yako inanikohoza."

Jamani, kuna maneno ya kumwambia mtu. Ungemwambia Jovitha kwamba ni mnene, kwamba anaimba vibaya kanisani, kwamba wanafunzi wake wanamwogopa kuliko mtihani, angecheka. Lakini nyumba yake! Mwanamke aliyefundisha sayansi kimu kwenye sekondari ya wasichana tangu ujana wake mpaka nywele zikaanza mvi! Wadada wa kazi watatu walikuwa wameondoka kwake wenyewe, wa mwisho akilia, kwa sababu ya namna ya kukamua tambara la kudekia. Jirani yake Sabina alikuwa na msemo wake kwamba kwa mwalimu hata inzi anavua viatu mlangoni. Makochi yalivaa vitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, friji, redio, hata mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lake la maua. Sasa nyumba hiyo ndiyo inayomkohoza mtu?

Na kweli mzee alikuwa anakohoa. Hilo Jovitha hakuweza kulikataa, kwa sababu alilisikia ukutani kila usiku: kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kinachoanza mara tu mzee akilala na kumwacha alfajiri amechoka, macho mekundu. Mchana akikaa barazani akiangalia ziwa, hakohoi. Akirudi chumbani kwake kujinyoosha kidogo, anaanza. Daktari alimpima kifua akakikuta safi kabisa. "Mapafu hayana tatizo," alisema. "Angalieni anacholalia na anachovuta huko nyumbani."

Anacholalia. Jovitha hakusubiri kusikia neno la pili. Alijua palepale ni blanketi.

Mzee alikuja Mwanza na begi moja na blanketi moja. Blanketi lenyewe la pamba, la kijivu, limezeeka mpaka ukiliweka juani unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Lilinuka moshi, kahawa na ndizi za kuivisha. Panya waliwahi kulila pembeni zamani, na marehemu mama yake Jovitha, Ma Prudencia, akalikunja pindo lote na kulishona kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku hiyo uzi mwingine haukuwepo. Mzee hakulala bila hilo blanketi. Jovitha alipomwambia daktari kasema, mzee alilishika kifuani kwanza, halafu akamkabidhi.

"Wewe ndiye unayejua mambo ya usafi," alisema. "Lipeleke kwa dobi. Ila anirudishie mapema, nikiwa bila hilo nasikia mgongo uko wazi."

Alilichukua. Na kwa dobi halikufika. Dobi gani anaaminika kwa kitu chenye vumbi la miaka yote hiyo? Jovitha alilichemsha mwenyewe kwenye sufuria la ubwabwa wa sherehe, akalimwagia dawa ya kung'arisha mashuka meupe, na kwa kuwa alikuwa na hasira na usingizi wa wiki nzima kichwani, akamwaga nyingi. Alipolinyanyua kwa mwiko, blanketi lilichanika katikati. Alipojaribu kulikamua, likaacha vipande mikononi mwake. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akiliangalia. Kisha akafanya kile alichokuwa akiwafundisha wasichana wake kila mwaka, kwamba katika nyumba nzuri hakuna kitambaa kinachotupwa: alichukua mkasi, akalikata matambara ya kufutia, akayafua tena, akayaanika.

"Dobi hajaleta?" mzee aliuliza jioni ile.

"Yuko njiani, Tata."

Na kesho yake pia. "Yuko njiani, Tata. Umeme ulikatika kwake." Na kesho kutwa: "Yuko njiani. Amefiwa na shemeji." Kila uongo ulikuwa unaomba mwenzake, na Jovitha akawa anautoa tu, huku akijiahidi kwamba akipata nafasi ataingia mjini kutafuta blanketi linalofanana. Halikuwepo la kufanana, na yeye alilijua hilo vizuri.

Kikohozi nacho hakikuondoka. Hapo ndipo alipozidi kupandwa na hasira. Blanketi halipo na mzee anakohoa! Akaondoa koti lake, akalifua. Akamnyang'anya buni zake za kutafuna, zile alizokuja nazo zimefungwa kwenye majani ya mgomba. Akabadilisha mto. Akapiga deki asubuhi na jioni. Akafunga madirisha yasipitishe hata upepo, kwa sababu ziwa la Bwiru lina vijidudu vyake; vinapanda kutoka majini kama moshi wa mtu anayechoma takataka, vinaingia kila tundu, na asubuhi unavizoa kwa ungo. Ndiyo maana mumewe Nestory, anayefanya kazi mgodini Geita na kurudi mwisho wa mwezi, alikifunga kile kiyoyozi: madirisha yafungwe, wageni wasipikwe kwa joto. "Usikiguse," naye alimwambia. "Kina udhamini. Ukikifungua udhamini umekufa." Jovitha hakukigusa. Alikifumia tu kofia yake ya uzi mweupe, yenye maua pembeni, ikakifunika juu na ubavuni pasiachwe pa vumbi kukaa. Kila Jumamosi aliibadilisha. Na kila asubuhi aliinua mkono akakipulizia marashi ya nyumba, yale ya waridi, pale juu, ili upepo utoke na harufu nzuri.

Sasa ni Jumatano, kesho ndiyo Alhamisi, begi la mzee limeshafungwa na liko mlangoni, na Mihayo yuko Kisesa anaiona kwa upande wa pili.

Jovitha alitoka nje kuanua nguo, maana akikaa ndani angeshambulia ukuta. Sabina alikuwa upande wa pili wa wigo akipara samaki.

"Fundi bado?" aliuliza Sabina, na alikuwa anacheka kabla ya kujibiwa.

"Usinitajie huyo mtu."

"Huyo ukimtaka aje haraka mwambie kuna msiba na ng'ombe kaangushwa. Msukuma gani atakosa?"

"Sabina, mimi leo sina utani. Tata anaondoka kesho. Nimemsihi, nimepiga magoti, nimempigia Nestory aongee naye, kaongea naye, mzee anaitikia ndiyo, ndiyo, halafu anafunga zipu ya begi."

Sabina akaacha kucheka. "Pole, mama. Lakini mbona hapa nje mzee hana shida? Jana alisimama hapo kambani muda mrefu, anaangalia nguo zako moja moja kama afisa wa forodha. Nikamsalimia, hata hakunisikia."

Mkono wa Jovitha ukasimama kwenye kamba. Matambara ya kijivu yalikuwa yameanikwa mwishoni kabisa, nyuma ya mashuka. Aliyaangalia. Ah, mzee macho yake hayaoni mbali, alijiambia, na akayabwaga kwenye kapu pamoja na vingine vyote.

Alipiga simu tena akiwa palepale.

"Fundi!"

"Mayu, nisamehe sana. Pikipiki imepata pancha. Kesho asubuhi bila kukosa."

"Kesho baba yangu anapanda meli! Hicho kiyoyozi utakitengeneza kwa ajili ya nani, chumba kikiwa kitupu?"

"Kweli tena, mayu, niko njia—"

Jovitha hakumwacha amalize. Alizima simu kabisa, akaitupa kwenye kapu la nguo, akaingia ndani kwa miguu ya mtu anayekwenda kupigana. Mzee alikuwa barazani mbele, amesinzia na kofia usoni. Vizuri. Udhamini ufe. Nestory akija aje na kesi yake. Alizima swichi ya ukutani, akaburuta stuli mpaka chini ya kiyoyozi, akasogeza beseni kwa mguu, akapanda.

Alianza na kofia ya uzi. Aliposhika pembe yake na kuivua, kwanza alidhani ameshika kitu kingine. Upande wa nje kofia ilikuwa nyeupe kama alivyoifua Jumamosi. Upande wa ndani ilikuwa na unyevu, imelegea, na mahali ilipokuwa imekaa juu ya kiyoyozi palikuwa na utelezi wa kijani. Kumbe huko juu ndiko chombo kinakovutia hewa. Pana matundu marefu, mlango wake wa pua, na yeye alikuwa ameuziba kwa maua ya kufuma, wiki baada ya wiki, na kila Jumamosi akaona anaweka safi zaidi.

"Yesu na Maria," alisema kwa sauti ndogo.

Akabonyeza pembeni, kifuniko cha mbele kikainuka. Zile filta za wavu, ambazo mtu anatakiwa aone upande wa pili, hazikuonekana. Palikuwa na kitu kama sufi ya godoro, kijivu, kinene. Aliichomoa filta ya kwanza ikamdondokea puani. Vumbi, mabawa ya vijidudu vya ziwani, na miguu yao, vyote vimegandana kwa marashi yake ya waridi vikawa kama ugali ulioungua. Nyuma ya filta, kwenye mapezi ya bati, ukungu mweusi ulikuwa umeota madoa madoa. Kisahani cha kukusanyia maji kilikuwa kimejaa uteute, ndiyo maana maji yalikosa njia yakaamua kushuka ukutani. Harufu ikamjia: waridi, na chini ya waridi, uozo.

Jovitha akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza. Alikijua. Alikuwa amekisikia ukutani kila usiku.

Alishuka kwenye stuli akakaa kitandani kwa baba yake, filta magotini, sketi ikichafuka na yeye asione. Daktari alisema anacholalia na anachovuta. Yeye akachukua neno la kwanza akakimbia nalo. Ilikuwa rahisi, si ndiyo? Blanketi la kijijini, lenye moshi, haliwezi kuwa safi. Chombo cheupe chenye rimoti hakiwezi kuwa kichafu. Kila asubuhi alisimama hapa na kopo la marashi akampulizia baba yake ugonjwa juu ya kichwa, akajipongeza, halafu akaenda kumnyang'anya buni.

Alitaka kumkasirikia mtu. Alijaribu Mihayo, lakini Mihayo hakufuma kofia. Alijaribu Nestory, lakini Nestory hakununua marashi. Alijaribu hata ziwa na vijidudu vyake. Hasira ilizunguka nyumba nzima ikarudi ikamkalia yeye mwenyewe kifuani, na akaona hana pa kuipeleka.

Basi akafanya kazi, maana hicho ndicho alichokijua. Alifungua madirisha yote, vijidudu viingie vikitaka. Alizibeba filta bafuni akazilowesha kwenye maji ya sabuni, akazisugua taratibu kwa brashi laini mpaka wavu ukaonekana, akazisimamisha zikauke kivulini. Akarudi juu ya stuli na ndoo, na kapu la matambara aliyoyaanua. Akafuta mapezi kutoka juu kushuka chini, polepole, asiyapinde. Akachota uteute kwenye kisahani kwa kijiko. Tambara likijaa weusi analitupa kwenye beseni, anachukua jingine. Alifuta, akatupa, akafuta, akatupa, na machozi yalikuwa yanamshuka na hakuwa na mkono msafi wa kuyapangusa.

Alipochukua tambara jingine, kidole chake kikapita juu ya kitu kigumu kidogo. Pindo. Uzi mwekundu, ule wa mkono wa mama yake, mishono mirefu mifupi ya mtu aliyekuwa anashona jioni akiharakisha kabla kibatari hakijaishiwa mafuta. Mama yake hakuwa fundi wa kushona. Jovitha aliwahi kumcheka kwa mishono ile, akiwa amerudi likizo kutoka chuoni. Sasa alikuwa ameishika juu ya stuli, nusu yake imeshaingia kwenye uteute mweusi, na kwenye beseni chini vimelala vipande vingine vya pindo lilelile, vimeloa, vinanuka.

"Kumbe ndiyo huku kunakotoka maji," sauti ilisema mlangoni.

Mzee alikuwa amesimama na mkongojo wake, kofia mkononi. Aliangalia kiyoyozi kilichoachama mdomo, akaangalia kofia ya uzi sakafuni, ndoo, beseni. Aliangalia beseni muda mrefu kuliko vingine.

"Kilikuwa kichafu, Tata," alisema Jovitha. "Ndicho kilichokuwa kinakukohoza. Si wewe. Si vitu vyako. Ni hiki. Nimekisafisha sasa. Usiku huu hutakohoa, naapa. Hakuna haja ya meli."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Vizuri," alisema. "Na dobi? Hajaleta?"

Mdomo wa Jovitha ulifunguka wenyewe. "Yuko..." Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Angeweza kulisema. Mzee angelala vizuri leo, kikohozi kingekoma, na yeye angetafuta blanketi jingine, na maisha yangeendelea. Alilisikia lile neno kwa sauti ya Mihayo, tamu, ya haraka, isiyo na aibu.

Hodi ikapigwa nje. "Hodi wenyewe! Mayu! Nimefika! Unaona, nilikwambia niko njiani, simu yako haipatikani!"

Mihayo aliingia mpaka mlangoni pa chumba, ametota jasho, begi la vifaa begani, vumbi la barabara ya Magu mpaka kwenye kope. Alimwamkia mzee, "Shikamoo, baba," mzee akaitikia marahaba bila kugeuka. Fundi akaangalia juu, akaona mapezi yanang'aa.

"Hee! Mayu, umeshamaliza! Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Mzee alikuwa bado anamtazama binti yake.

"Fundi wako amefika," alisema. "Dobi wangu je?"

Jovitha alishuka kwenye stuli. Alisimama mbele ya baba yake na lile tambara mkononi, mwalimu mzima, mama wa watu wazima, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Hakuna dobi, Tata. Hakuwepo hata siku moja. Nililichemsha mwenyewe, nikaliharibu, nikalikata. Ni haya." Akanyoosha mkono kwenye beseni. "Ni haya hapa. Nilikudanganya kila siku."

Mihayo alianza kurudi nyuma kwa vidole, akasema kitu kuhusu bomba la nje, akapotea. Mzee aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kipande cha blanketi kilichokunjwa vizuri, kikavu, na pindo jekundu upande mmoja. Akakikunjua kwenye kiganja.

"Hiki nilikitoa kwenye kamba jana," alisema. "Nikajiambia, labda leo ataniambia. Jioni nikakuuliza, ukaniambia dobi kafiwa na shemeji. Nikampa pole moyoni huyo dobi." Hakucheka. "Jovi, mimi nimekohoa moshi wa jikoni kwa mama yako maisha yangu yote. Kikohozi hakinitoi kwa mtu. Lakini nimelala hapa najiuliza, kama huyu ananidanganya kwa blanketi, je, hayo ya daktari anayoniambia? Hiyo miaka mbele yangu, ni ya kweli au nayo iko njiani?"

Hilo ndilo lililomvunja. Alilia hasa, kwa sauti, bila kuficha uso. "Ya daktari ni kweli, Tata. Twende kesho ukamuulize mwenyewe, mimi nitakaa nje. Ni kweli tupu. Usiondoke."

Mzee aliinama kwa shida juu ya beseni, akaokota kipande kilichoiva weusi, akakikamua kwa mikono yake, akakiweka juu ya kile kikavu.

"Fua hivi vyote," alisema. "Hata hivi vyeusi. Uvishone. Vikirudi kuwa blanketi ndipo nitapanda meli, siwezi kurudi kwa mama yako pale kaburini mikono mitupu."

Alhamisi jioni meli ilipiga honi bandarini na begi la mzee lilikuwa bado mlangoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakukohoa. Asubuhi yake alikwenda na binti yake hospitali, akaingia kwa daktari peke yake, akatoka, akamkabidhi nesi wa mionzi kadi yake ya tarehe kama kawaida.

Jovitha alishona kila jioni barazani, mzee pembeni akitafuna buni zake. Vipande havikulingana, vingine vilibaki na doa lisilotoka hata kwa jua. Yeye ni mtu wa mkono mwepesi, anayeweza kumaliza sare ya mwanafunzi kwa mchana mmoja, na alitaka kumwonyesha baba yake kazi. Siku ile aliposhona kipande cha mwisho cha pindo, zilikuwa zimebaki wiki kadhaa za dozi. Akalikunjua blanketi magotini kwa mzee, ameridhika nalo.

Ta Kashaija alilipitisha vidoleni, taratibu, mshono hadi mshono. Akafika katikati akasimama.

"Hapa pamepinda," alisema. "Fumua."

Jovitha aliinama akaangalia. Mshono ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Hasira ya ualimu ikampanda papo hapo, akafungua mdomo kumwambia kwamba macho yake yanamdanganya. Mzee hakuwa anaangalia blanketi. Alikuwa anaangalia ziwa, kadi yake ya hospitali imekunjwa kwenye kiganja, tarehe zilizobaki zikiwa juu.

Jovitha akazihesabu, akakumbuka sharti la meli. Akachukua wembe, akafumua.